Saida Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Historia na Soko Lake

Maswali haya kuhusu saida (cider), kinywaji cha matufaha yaliyochachushwa, hutoka zaidi kwa watu wa aina tatu: wenye baa na grosari wanaotaka kujua wanachouza, wakulima wa matunda wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro waliosikia kwamba kinywaji hiki kina fedha, na wanywaji wanaojiuliza kwa nini chupa ndogo namna ile inagharimu kiasi kile. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito. Kileo, kama sheria inavyotaka, ni cha watu waliotimiza miaka 18.

Saida ni nini hasa, na inatofautiana vipi na bia na mvinyo?

Saida ni juisi ya matufaha, yaani maepo ya sokoni, iliyoachwa ichachuke mpaka sukari yake igeuke kuwa kileo na gesi. Haipikwi kama bia. Bia huanzia kwenye nafaka, na nafaka ina wanga ambao lazima kwanza uvunjwe kuwa sukari kwa msaada wa kimea na maji ya moto, ilhali tunda lina sukari yake tayari na linachohitaji ni kukamuliwa tu. Kwa utengenezaji wake, basi, saida ni ndugu wa mvinyo, lakini kwa nguvu na kwa namna inavyonywewa iko karibu zaidi na bia, kwa kuwa nyingi zina kileo cha kati ya asilimia 4 na 7, zina gesi, hunywewa baridi na huuzwa kwa chupa ya mtu mmoja.

Utata huu haumsumbui mhudumu wa baa peke yake. Katika orodha ya forodha inayotumika duniani, bia ina fungu lake la 22.03, mvinyo wa zabibu uko 22.04, na saida iko 22.06 pamoja na vinywaji vingine vilivyochachushwa ambavyo havikupata nyumba kwingine. Anayefikiria kuagiza au kutengeneza aijue namba hiyo mapema, maana ndiyo itakayoandikwa kwenye karatasi zake.

Vile vinywaji vya chupa vyenye ladha ya matunda navyo ni saida?

Vingi si saida. Kuna vinavyotengenezwa kwa pombe kali iliyochanganywa na maji, sukari na ladha, na kuna juisi ya tufaha yenye gesi isiyo na kileo kabisa, kama Appletiser, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1966. Hata miongoni mwa saida zenyewe kiasi cha tunda hutofautiana mno. Uingereza, kwa mfano, kanuni za kodi zinaruhusu kinywaji kuitwa saida kikiwa na angalau asilimia 35 ya juisi ya tufaha au peasi, na sehemu inayobaki inaweza kuwa maji na sukari. Kwa hiyo jina lililo kwenye lebo halitoshi. Geuza chupa usome viungo, na ukikuta sharubati ya sukari imetajwa kabla ya juisi, umeshajua kipi ni kingi.

Kinywaji hiki kilianzia wapi?

Kuanza na tunda lenyewe ni rahisi zaidi. Tufaha la sokoni lina asili yake katika misitu ya milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan ya leo, ambako mtaalamu wa mimea wa Urusi, Nikolai Vavilov, alifika mwaka 1929 na kukuta matufaha ya mwitu ya kila ukubwa na rangi yakiota karibu na mji unaoitwa sasa Almaty. Kutoka huko tunda lilisafiri kuelekea magharibi pamoja na misafara ya biashara, na njiani likachanganya mbegu na matufaha madogo machungu ya mwitu ya Ulaya.

Hapa pana jambo ambalo mkulima wa maparachichi wa Siha au wa Rombo atalielewa mara moja. Mbegu ya tufaha haifanani na mama yake. Ukipanda mbegu kumi kutoka tunda moja tamu utapata miti kumi tofauti, na mingi kati yake itazaa matunda machungu au makali yasiyolika. Ndiyo maana aina nzuri hazienezwi kwa mbegu bali kwa miche ya kubebesha, yaani kijiti cha mti mzuri kinachounganishwa kwenye shina la mti mwingine. Sasa, familia iliyojaliwa miti hamsini ya matunda yasiyolika ingeyafanyia nini? Ilikamua. Ukali na uchungu uliowashinda walaji ndio huo huo unaoipa saida umbo mdomoni na kuizuia isiharibike haraka. Naamini kwamba historia nzima ya kinywaji hiki inaeleweka vizuri zaidi ukianzia hapo, kuliko kuhesabu wafalme waliokipenda.

Wafalme hata hivyo wamo. Maagizo ya utawala wa mashamba ya mfalme Charlemagne, yaliyoandikwa karibu na mwaka 800, yanataka kila msimamizi awe na mafundi wanaojua kutengeneza bia, kinywaji cha matufaha na cha peasi. Maeneo yaliyoshika utamaduni huu kwa nguvu ni Normandy na Brittany nchini Ufaransa, Asturias na nchi ya Wabasque nchini Hispania, na kusini-magharibi mwa Uingereza, yaani sehemu zenye baridi na mvua ambako mzabibu hufanya kwa shida. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na mazoea yao ya kilimo cha matufaha, na tangu hapo kinywaji hicho kikaota mizizi Herefordshire, Somerset na Devon.

Karne ya 17 ndiyo iliyokuwa ya fahari. Bwana mmoja wa Herefordshire, Lord Scudamore, alieneza aina ya tufaha iliyoitwa Redstreak, na saida yake ikauzwa London kwa bei ya mvinyo mzuri. Wakati huo huo viwanda vya vioo vya Uingereza vilianza kutumia makaa ya mawe badala ya kuni, moto ukawa mkali zaidi, na chupa zikatoka nene na imara. Kufikia miaka ya 1660 watengenezaji wa saida walikuwa tayari wakitia sukari kidogo ndani ya chupa hizo ili kinywaji kitoe mapovu, na mwaka 1662 Christopher Merret aliieleza Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, jinsi sukari inavyoufanya mvinyo uchemke kwa gesi. Wanaopenda kusimulia kwamba mapovu yalizaliwa Champagne peke yake huruka ukurasa huu.

Ni kweli kwamba vibarua walilipwa kwa saida?

Ni kweli. Katika mashamba ya magharibi mwa Uingereza, sehemu ya ujira wa kibarua ilikuwa saida ya kila siku, na wakati wa mavuno kiasi kiliongezwa. Mwenye shamba asiyekuwa na saida nzuri alipata taabu kuwapata watu wa kufyeka majani. Utaratibu huo ulipigwa marufuku na sheria ya mwaka 1887, kwa sababu mtu anayelipwa pombe hapeleki kitu nyumbani. Ninalitaja hili kwa makusudi kwa wale wanaosema baa kwamba saida ni kinywaji cha akina mama: kwa muda mrefu ilikuwa jasho la wanaume wenye mafyekeo mikononi.

Nguvu yake katika siasa haikuwa ndogo pia. Mwaka 1763 serikali ya Lord Bute, ikitafuta fedha za kulipia madeni ya vita, iliweka kodi ya saida iliyowapa maofisa haki ya kuingia majumbani mwa watu kukagua mapipa. Ghasia zilizuka, na kodi ikafutwa mwaka 1766. Katika miaka hiyo hiyo daktari George Baker alionyesha, mwaka 1767, kwamba ugonjwa wa tumbo uliowatesa watu wa Devon ulitokana na madini ya risasi (lead) yaliyotumika kwenye mashine za kukamulia, kwa kuwa asidi ya matufaha huyeyusha madini hayo na kuyaingiza kwenye kinywaji. Fundisho hilo lingalipo: juisi ya tufaha haiwekwi kwenye chombo cha chuma cha kawaida, cha shaba wala cha rangi usiyoijua.

Marekani ilikuwaje mpaka saida ikatoweka?

Walowezi wa kwanza wa Marekani walikunywa saida kuliko bia, na John Chapman, aliyefariki mwaka 1845 na ambaye Wamarekani humkumbuka kama mpanda matufaha, alikuwa akiotesha miche kwa mbegu, jambo ambalo kwa maelezo ya hapo juu maana yake ni kwamba miti yake ilifaa zaidi kukamuliwa kuliko kuliwa. Marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933 ndiyo hutupiwa lawama zote. Hiyo ni nusu ya habari. Kabla yake watu walikuwa wameshahamia mijini, wahamiaji kutoka Ujerumani walikuwa wameleta bia iliyotengenezwa viwandani mwaka mzima bila kungoja msimu wa matunda, na vyama vya kupinga ulevi vilikuwa na nguvu vijijini. Marufuku ilipoondolewa, mtambo wa bia ulirudi kazini mara tu ulipopata shayiri. Mti wa tufaha uliokatwa haurudi kwa miaka mingi. Mpaka leo mtu akiomba saida Marekani bila kufafanua anaweza kuletewa juisi isiyo na kileo.

Soko lilifufuka vipi?

Huko Uingereza, viwanda vikubwa ndivyo vilivyoilinda saida isipotee. Kampuni ya Bulmer, iliyoanzishwa Hereford mwaka 1887 na sasa iko chini ya Heineken, iliifanya saida kuwa bidhaa ya taifa zima, na kituo cha utafiti cha Long Ashton karibu na Bristol, kilichofunguliwa mwaka 1903, kiliyapanga matufaha ya saida kwa utamu, ukali na uchungu wake. (Kituo hicho hicho ndicho kilichotoa utafiti uliozaa Ribena, ambayo wengi wetu tumeinywa utotoni bila kujua ina uhusiano wowote na habari hii.) Hata hivyo kufikia mwishoni mwa karne ya 20 saida ilikuwa na sura ya kinywaji cha bei rahisi cha kulewa haraka.

Kilichobadilisha mambo ni chupa na barafu. Majira ya joto ya mwaka 2006, kampuni ya Ireland ya C&C iliinadi Magners kote Uingereza ikiwa kwenye chupa kubwa, ikimiminwa juu ya barafu kwenye glasi ndefu, na watu ambao hawakuwa wamegusa saida kwa miaka wakaanza kuiomba. Kampuni nyingine zilifuata njia hiyo. Marekani mlipuko ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 2010, ukiongozwa na Angry Orchard ya kampuni ya Boston Beer, kisha chapa kubwa zikapungua kasi huku watengenezaji wadogo wa mikoani wakiendelea kupata wateja. Uingereza bado ndiyo soko kubwa kuliko yote duniani. Mwezi Desemba 2024 UNESCO iliingiza utamaduni wa saida wa Asturias kwenye orodha ya urithi wa binadamu, jambo lisilouza kreti hata moja kwa siku hiyo lakini lililopandisha hadhi ya kinywaji kizima.

Na hizi tunazoziona kwenye friji za Arusha na Moshi zinatoka wapi?

Nyingi zinatoka Afrika Kusini, ambayo ni moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa saida. Hunter's ilianza kuuzwa huko mwaka 1988 na Savanna mwaka 1996, zote za kampuni iliyokuja kuitwa Distell, ambayo Heineken ilikamilisha kuinunua mwaka 2023. Nyuma ya chapa hizo kuna mabonde ya matufaha ya Western Cape, hasa Elgin, na hiyo ndiyo siri: matunda yaliyokosa umbo la kuuzwa dukani au ng'ambo yalipata mnunuzi wa uhakika wa karibu. Kenya nayo, kupitia kampuni ya bia ya East African Breweries, ilitoa Tusker Cider, hivyo jirani ameshaonyesha kwamba kiwanda cha bia chenye mtandao wa usambazaji kinaweza kuingia kwenye biashara hii bila kumiliki mti hata mmoja.

Bei inayolalamikiwa ina maelezo rahisi. Kinywaji kinasafirishwa kikiwa tayari ndani ya kioo, kioo ni kizito, chupa hairudi ilikotoka kama inavyorudi ya bia ya hapa, na juu ya hayo kuna ushuru, msambazaji na friji ya mwenye baa.

Wanunuzi ni akina nani hapa kwetu?

Ukikaa kaunta ya baa yoyote ya Arusha jioni ya Ijumaa utaona makundi matatu. Kuna wageni wa safari na wapanda mlima, ambao wengi wao wanatoka katika nchi zenye saida na huiomba kwa jina, na miongoni mwao wamo wasioweza kula ngano na shayiri, ambao bia ya kawaida imewakataa. Kuna vijana wenye kipato, wa kike na wa kiume, wasiopenda uchungu wa bia. Na kuna wanywaji wa bia wanaobadilisha mara moja moja, hasa kwenye sherehe. Kundi la kwanza hupungua msimu wa mvua za masika, kwa hiyo mwenye duka la Moshi mjini anayejaza stoo mwezi Machi kwa kutazama mauzo ya Januari atakaa na mzigo.

Je, matufaha yanastawi Meru na Kilimanjaro?

Yanaota, lakini kuota si kuzaa. Mtufaha wa Ulaya unahitaji majira ya baridi kali ili ulale, kisha uamke na kuchanua kwa pamoja. Bila baridi hiyo huchanua ovyo ovyo au hauchanui kabisa. Kuna aina zinazohitaji baridi kidogo, zinazojulikana zaidi zikiwa Anna, iliyotoka Israeli, na Dorsett Golden, iliyotoka Bahamas, na ndizo zinazopewa kipaumbele katika nchi za joto. Huko Java ya Mashariki nchini Indonesia wakulima huipukutisha miti majani kwa mikono baada ya mavuno ili kuilazimisha ichanue upya. Hapa nchini matufaha huonekana zaidi Lushoto na katika nyanda za juu za kusini kama Njombe, na kwa mwenye kihamba (shamba la ukoo) cha juu mlimani kujaribu miche michache si kosa. Kabla ya kung'oa kahawa, hata hivyo, ni busara kufika TARI Tengeru, ambao kazi yao ni utafiti wa mazao ya bustani.

Hesabu yenyewe ni hii. Tufaha la kawaida lina gramu 150 hivi, na kilo moja ikikamuliwa vizuri hutoa lita 0.6 au zaidi kidogo, hivyo lita moja ya juisi inakula matufaha kumi au kumi na moja. Bei ya epo moja kwenye masoko ya Kilombero, Arusha, au Mbuyuni, Moshi, unaijua, zidisha mwenyewe. Ndiyo maana hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetengeneza saida ya biashara kwa matunda ya rejareja kutoka Afrika Kusini. Viwanda duniani hutumia juisi iliyopunguzwa maji, ambayo China na Poland ni wazalishaji wake wakubwa, na lita moja ya juisi hiyo nzito huzaa lita saba au nane ikirudishiwa maji.

Mbege si saida yetu?

Hapana, japo swali si la kipuuzi. Mbege hutokana na ndizi mbivu zilizopikwa na kuachwa zichachuke, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe huongezwa kwa ajili ya uchungu. Kwa kuwa ina kimea, imesimama katikati ya bia na kinywaji cha matunda. Haikusudiwi kukaa pia; hunywewa ikiwa bado inachemka, na baada ya siku chache haifai. Kinachofanana ni desturi. Asturias saida humiminwa kutoka juu ya kichwa hadi kwenye glasi iliyoshikwa kiunoni, kidogo tu, anakunywa mmoja, anabakiza tone la kusuuzia ukingo, na glasi inapewa mwingine. Mzee wa Machame aliyezoea kuona kata ikizunguka hatahitaji kuelezwa.

Kilicho karibu zaidi na saida ni mvinyo wa ndizi, na Arusha ina uzoefu wa kuutengeneza kiwandani kwa miaka mingi kupitia Banana Investments. Ukweli huo una uzito kuliko maneno mengi ya semina: soko la kinywaji kilichochachushwa kutokana na tunda la hapa limekuwapo, limelipa kodi na limeuza kwa chupa.

Naweza kutumia mananasi, ndizi au rosela na kukiita saida?

Kukitengeneza unaweza, jina ndilo la kuangalia. Nanasi lina sukari na asidi ya kutosha na huchachuka bila ugumu. Ndizi inasumbua kukamua, kwa hiyo hudai maji na uchujaji mwingi. Rosela, au choya, haina sukari ya maana, hivyo kileo chote hutoka kwenye sukari unayotia. Kwa lebo, ninashauri utaje tunda waziwazi na usijifiche nyuma ya neno ambalo mteja analihusisha na tufaha. Mgeni aliyetoka Somerset hatakuja Moshi kutafuta saida ya tufaha iliyo duni kuliko ya kwao, ila kinywaji cha nanasi kikavu, yaani kisicho na utamu uliobaki, chenye gesi na baridi, hajakipata nyumbani.

Hatua za utengenezaji ni zipi?

Matunda huoshwa, yaliyooza huondolewa, kisha husagwa na kukamuliwa. Kuondoa yaliyooza si usafi wa macho tu, kwa sababu ukungu wa tufaha lililooza hutoa sumu iitwayo patulini, na kiwango cha kimataifa cha juisi ya tufaha hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 50 kwa kilo. Juisi hupimwa sukari kwa haidromita, kifaa kinachoelea ndani ya juisi na kuonyesha uzito wake. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kila gramu 17 za sukari kwa lita hutoa takriban asilimia 1 ya kileo, hivyo juisi yenye gramu 110 itaishia karibu na asilimia 6.5. Watengenezaji wengi hutia salfaiti (kihifadhi cha vinywaji) kidogo ili kuwadhibiti vijidudu wa mwitu, na baada ya siku moja hutia hamira ya mvinyo. Hamira ya mkate inafanya kazi, lakini huacha harufu yake na haitulii chini vizuri.

Chombo hufungwa kwa mfuniko wenye mrija ulioingia kwenye chupa ya maji, gesi itoke na hewa isiingie. Mapovu yakikoma na kipimo kisibadilike kwa siku kadhaa, kinywaji huhamishwa kwa mpira kwenda chombo kingine bila kuvuruga mashapo, kikatulia kwa wiki au miezi.

Joto la Moshi si litaharibu?

Litaharibu usipolisimamia. Saida hupenda nyuzi 15 hadi 20. Moshi mjini mwezi Februari mchana hupita nyuzi 30, na uchachukaji wenyewe huongeza joto ndani ya chombo, kazi ya wiki tatu ikaisha kwa siku nne na kuacha kinywaji chenye harufu ya mayai viza na ukali wa kuchoma koo. Arusha ya Juni na Julai ni afadhali sana, na vyumba vya chini vya nyumba za Marangu ni afadhali zaidi. Asiye na mtambo wa kupoza aweke chombo ndani ya beseni la maji, akifunike kwa gunia lililolowa ambalo ncha zake zimeingia kwenye maji, na akiweke penye upepo.

Kwa nini chupa hupasuka?

Kwa sababu kilifungiwa kinywaji ambacho hakijamaliza. Gramu 4 za sukari kwa lita zinatosha kutoa gesi yenye ujazo sawa na wa kinywaji chenyewe. Chupa ya bia ya kawaida hustahimili mara tatu hivi bila wasiwasi. Anayefungia saida ikiwa na gramu 20 zilizobaki, kwa sababu amependa utamu wake siku hiyo, na akaiweka rafuni juani, ametega bomu la vioo. Mwenye kutaka saida tamu ana njia mbili: kuipasha moto chupa baada ya kufungwa ili kuua hamira, kama viwanda vifanyavyo, au kuihifadhi kwenye friji tangu siku ya kwanza mpaka inywewe. Chupa nyembamba za kioo za maji na za mvinyo usio na gesi hazifai kabisa.

Ina hatari ya kupofusha kama gongo?

Woga huu unatokana na methanoli, aina ya pombe yenye sumu. Tufaha lina pektini, kile kinachoifanya jemu igande, na pektini huacha methanoli kidogo, lakini kwa kinywaji kilichochachushwa bila kukenekwa, yaani bila kuchemshwa na mvuke wake kukusanywa, kiasi hicho ni kidogo mno kuweza kudhuru macho. Hatari huja pale mtu anapokeneka, au anapoongeza kemikali ya viwandani. Kukeneka bila kibali, kwa vyovyote, ni kosa la jinai nchini.

Nataka kuuza. Nianzie ofisi gani?

Usajili wa biashara ni BRELA, namba ya mlipakodi ni TRA, na usajili wa jengo na wa bidhaa yenyewe ni TBS, ambao tangu mwaka 2019 walichukua majukumu ya usalama wa chakula yaliyokuwa ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Leseni ya kuuza vileo hutoka halmashauri. SIDO, shirika la viwanda vidogo lenye ofisi Arusha na Moshi, husaidia kwa mafunzo na ushauri wa mashine. Jambo linalowashtua wengi ni ushuru wa bidhaa pamoja na stempu za kielektroniki za TRA, ambazo vileo vilianza kubandikwa mwaka 2019: gharama hiyo hulipwa kabla mteja hajakulipa wewe, kwa hiyo iwe kwenye hesabu ya kwanza kabla ya rangi ya lebo. Viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni; muulize ofisa, usimuulize rafiki. Na usifikirie vifungashio vidogo vya plastiki vya bei rahisi. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 na hakuna dalili ya kurudi.

Mtaji mdogo unaingia wapi katika soko hili?

Si kwenye kushindana rafuni na chapa za Afrika Kusini. Mtu mdogo ana ukaribu: hoteli ya Usa River au kambi ya Marangu inayoweza kuchukua kreti chache kila wiki, kutaja tunda limetoka shamba gani, na kurudisha chupa tupu kwa gari lile lile lililoleta zilizojaa. Hilo la chupa linaonekana dogo, lakini kioo mara nyingi hugharimu zaidi ya kilichomo.

Inywewe vipi?

Baridi. Kipande cha limau shingoni mwa chupa ni mtindo uliokuja na Savanna, barafu ni mtindo wa Magners, na yote mawili hufaa saida tamu ya kiwandani. Saida kavu yenye uchungu kidogo haihitaji kimoja wala kingine, na inaelewana na nyama choma, hasa ya mbuzi, kuliko bia nyingi, kwa sababu asidi yake hukata mafuta.

Saida yangu imegeuka siki. Imepotea?

Hewa imeingia, na bakteria wa siki wamegeuza kileo kuwa asidi. Kurudisha nyuma haiwezekani. Lakini usimwage. Siki ya tufaha inanunuliwa kwenye supamaketi za Arusha na maduka ya dawa kwa bei nzuri. Iache chombo kikiwa wazi, umefunga kitambaa safi mdomoni kuzuia inzi, mpaka harufu ya kileo iishe, kisha uichuje, na vyombo hivyo usivitumie tena kwa saida.